Njumu za Clem Hindle

Tangu Pasaka Clem Hindle alikuwa akimwita dada yake "mama." Wala si kwa utani. Alikuwa hamjui. Asubuhi dada huyo, Zillah, akimwekea uji, Clem humwambia, "Asante, mama," kwa adabu ya mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu, halafu humuuliza kama basi la wachezaji limeshapita.

"Leo hakuna mechi, Clem."

"Hakuna?"

"Hakuna, bwana. Kula, uji unapoa."

Na uwanja wenyewe ulikuwa hapo hapo nyuma ya Mtaa wa Tenter. Ukifungua dirisha la juu unaliona paa la jukwaa la mbao, jukwaa lile lile lililokuwa likitingishika kila Clem akifunga.

Zillah alikuwa mwanamke wa kuzoea mambo. Aliwazoea matajiri wa kiwanda, akazoea baridi, akamzika mama, akamzika baba, akamzika Walter mume wake, na kila mara Ijumaa ikifika alikuwa chini anasugua sakafu kama kawaida. Lakini hili la kuitwa mama na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi lilimshinda. Msimwone kimya mkadhani hajali. Kulikuwa na jambo moja tu alilolitaka kabla mmoja wao hajaenda zake: Clem alitamke jina lake. Mara moja. "Da Zillah," kama zamani, basi, Mungu amchukue akitaka.

Vijana wa siku hizi watauliza Clem Hindle ni nani. Hebu ingieni baa yoyote ya Ormshaw, mji wetu huu wa viwanda hapa England, mkaulize, muone mtakavyozomewa! Clem ndiye mshambuliaji wa kati aliyeutoa mji huu gizani. Miaka ile ya katikati ya vita viwili vikuu vya dunia, viwanda vya pamba vikifungwa kimoja baada ya kingine, wanaume wazima wamesimama kona ya mtaa mikono mifukoni, kitu cha kufurahia kilikuwa kimoja: Jumamosi, saa ya mpira, Clem hewani, kipa chini, na nyavu zinacheza. Watu walirudi nyumbani wakala viazi vitupu na bado wakacheka.

Ila yako mambo ambayo hata hao wa baa hawayasemi, na hayo ndiyo nataka kuwaambia.

Wakati wa vita vile vya kwanza, wanaume wako Ufaransa wanakufa, wasichana wa Ormshaw waliingizwa kiwanda cha makombora. Mchana wakati wa kula wakaanza kupiga mpira uani. Mwanzo ilikuwa mzaha, baadaye wakawa timu, wakacheza kuwachangia majeruhi, na watu wakaja kuwatazama mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta. Katikati ya safu ya mbele alikuwepo Zillah Hindle. Jamani, yule msichana! Alikuwa na miguu mikubwa, mama yao alizoea kusema kila mwanamke angekuwa na miguu ile, wauza viatu vya kike wangefunga maduka. Lakini mpira ukigusa mguu ule ulikuwa unatulia. Wazee walioona wanasema hata Clem hakufikia pale. Wanasema hivyo wakishalewa, lakini wanasema.

Vita vikaisha. Wanaume wakarudi, na haukupita muda wakubwa wa mpira wakakaa mezani huko London wakaamua kwamba mchezo huu haumfai mwanamke, na viwanja vya klabu wasichana wasikanyage tena. Imekwisha hiyo. Zillah akarudi kwenye kufuma vitambaa, akazitundika njumu zake kwenye msumari chini ya ngazi. Hakulia mbele ya mtu. Lakini kuanzia siku hiyo hakupita karibu na ule mstari mweupe wa pembeni mwa uwanja, akienda kutazama mpira alisimama juu kabisa jukwaani, na mtu akimwita ashuke alimwambia, "Nimefukuzwa mara moja, inatosha."

Clem akazitungua njumu zile akazivaa kwenda kuchezea timu ya kanisa. Zilimkaa kama zake. Ngozi ilishalainika kwa miguu ya dada yake, na miguu ya dada ndiyo miguu ya kaka: urefu ule ule, na kidole kidogo cha kushoto kilichopinda ndani, wote walikirithi kwa baba. Akafunga, akafunga tena, na klabu ya mji ikamchukua.

Klabu ikampa njumu mpya. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ngozi ya siku zile si hii ya sasa, ilikuwa nene na ngumu, mbele imejazwa hadi mtu anaweza kuvunjia mlango. Kila mchezaji alizilowesha za kwake kwenye maji moto akazivaa mbichi, atembee mpaka zishike umbo la mguu. Clem alijaribu, zikamchubua. Mechi mbili za wachezaji wa akiba alicheza kama kuku mgonjwa. Ijumaa akaja nyumbani akazibwaga juu ya meza ya chakula.

"Da Zillah, hebu nivalie hizi."

"Nikuvalie mimi? Yako miguu imefanya nini?"

"Miguu haina neno. Zile zako zilinikaa kwa sababu ulizivaa wewe kwanza."

Zillah akamkazia macho. "Kwa hiyo mpira waninyime mimi, halafu mimi niwe wa kukulainishia njia wewe. Ndivyo?"

Mama yao akajifanya anakoroga chungu. Clem akawa mwekundu mpaka masikioni, akanyoosha mkono kuzichukua njumu zake. Zillah akamtangulia.

"Ziache. Lete ndoo."

Ikawa ndiyo desturi. Ijumaa jioni mitaa yetu yote wanawake wanasugua, sakafu ya mawe ndani, kizingiti nje, maji yanatiririka hadi barabarani. Na katikati yao yumo Zillah na njumu za kiume zinazotoa mvuke, ko, ko, ko juu ya mawe, kitambaa kichwani, brashi mkononi. Hetty Bickerdike wa nyumba ya pili alikuwa hachoki.

"Zillah! Kesho unacheza?"

"Nacheza miguu tu, shoga. Kichwa ni cha Clem."

Na Clem amekaa karibu na moto, anasikiliza mlio ule, kila mara anauliza swali lile lile. "Zinabana wapi?"

"Kidole kidogo. Kushoto."

"Ongeza maji."

Akizivua, zinapakwa mafuta, zinatundikwa, na Jumamosi zinamkaa Clem kama soksi.

Lakini ilikuwa siri. Fikiria wanaume wa jukwaani wangesikia kwamba mpiga mabao wao analainishiwa njumu na dada yake! Wangemwimbia nyimbo mpaka ahame mji. Kwa hiyo Mtaa wa Tenter wote ulijua, na Mtaa wa Tenter wote ukafunga mdomo. Hetty mwenyewe, ambaye hakuwahi kuficha hata umri wa mtu, hilo alilificha.

Walichofanya Zillah na Clem ni hiki. Mimi nimekulia kati ya wafumaji, najua. Ndani ya kiwanda mitambo inapiga kelele hata ukipiga ukelele husikiki, basi wafumaji huongea kwa midomo, hakuna sauti, kinywa unakipanua tu na mwenzako upande wa pili anasikia kwa macho. Clem alikuwa amefanya kazi humo tangu alipoacha shule mpaka klabu ilipomchukua, na yeye alikuwa bingwa. Kila Jumamosi, kabla refa hajapuliza, Clem aliinua uso kumtafuta dada yake juu kule jukwaani, na katikati ya kelele za umati mzima akamwambia kwa midomo: "Da Zillah. Hazibani." Naye hujibu: "Kimbia basi." Watu walidhani Clem anasali.

London wakamnunua. Klabu kubwa, uwanja mkubwa, chumba cha kubadilishia chenye bafu la maji moto. Kule yuko mzee wa klabu ambaye kazi yake ni njumu, na Clem akaona haya kusema kwamba za kwake huvaliwa kwanza na dada yake. Mabao yakakauka. Magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakaanza kumwita gunia la viazi. Kule Ormshaw watu wakasema London imemharibu, sijui wanawake, sijui pombe. Zillah aliendelea kufuma. Siku moja stesheni wakaleta kifurushi kimefungwa karatasi ya kaki. Ndani njumu mpya, hakuna hata neno moja. Alizitazama, akasonya, kisha akacheka peke yake jikoni mpaka akashika meza.

Ijumaa akazivaa. Zikarudi London kwa treni. Clem akafunga matatu.

Miaka mitano vifurushi vilikwenda na kurudi hivyo. Na ndani ya miaka hiyo Clem aliitwa timu ya England, mara moja tu, akafunga kwa kichwa kwenye mvua, mpira wa ngozi umelowa umekuwa mzito kama tofali. Siku zile anayechezea nchi alipewa kofia, ya mahameli, yenye shada. Akaja nayo nyumbani akamvika dada yake akiwa magotini anasugua.

"Toa huko, nina povu kichwani!" Zillah akafoka. Lakini hakuitoa mpaka alipomaliza sakafu.

Hiyo ndiyo shukrani aliyoipata. Nyingine hakupata. Mwandishi wa gazeti alipomuuliza Clem siri ya miguu yake, Clem alijibu, "Uji wa oti na hewa safi." Mtaa mzima ukacheka, na Zillah akacheka nao. Ila usiku akageukia ukutani, akamwambia Walter, "Uji wa oti, Walter. Mimi ndiye uji wa oti." Liliuma, kwa nini tudanganyane? Liliuma, na hakulisema tena.

Kisha yote yakapita. Magoti ya Clem yakachoka, akarudi Ormshaw kumalizia mpira wake, akafungua baa, akaoa Nora, wakapata binti, Muriel. Vita vingine vikaja vikaenda. Nora akafariki. Baadaye kidogo Clem akaanza kumimina bia kwenye gilasi iliyokwisha jaa, akaanza kuwauliza wateja njia ya kwenda kwake. Daktari alisema ni umri. Umri gani, na dada yake mwenye kumzidi yuko timamu? Zillah alijua mwenyewe. Aliona tofali lile la ngozi likimgonga paji la uso msimu baada ya msimu. Akaenda akamchukua, akamlaza chumba cha juu, upande wa uwanja.

Sasa ndiyo ikaja habari kuwa jukwaa la mbao litabomolewa, lijengwe la zege. Klabu ikatangaza kwamba Jumamosi ya mechi ya mwisho wachezaji wa zamani wazunguke uwanja wapigiwe makofi, na mwenye njumu zake za enzi hizo azivae.

Muriel akaja mbio. "Shangazi, usimpeleke."

"Kwa nini?"

"Watu watamcheka. Waache wamkumbuke alivyokuwa. Na akijikojolea mbele za watu je?"

"Hatakuwa wa kwanza kukojoa uwanja ule."

"Shangazi, mimi siongei utani! Yule hajui hata mimi ni nani. Hata wewe hakujui. Unamtafutia nini kule?"

Kumbe mtoto ameona. Zillah akamtazama Clem aliyekuwa anakunja na kukunjua ukingo wa kitambaa cha meza. "Sijui, mwanangu," akasema. "Niache nifikiri."

Ijumaa jioni akazitoa chini ya ngazi njumu za mwisho alizochezea Clem. Zilikuwa zimekauka zimekuwa gogo. Mguu wa Clem usingepita humo hata kwa nyundo. Zillah alizizungusha mikononi, halafu akachemsha maji. Alikuwa bibi sasa, vifundo vimevimba, kuinama kwenyewe ni dua. Akazilowesha, akakaa kwenye kigoda, akasukuma mguu mmoja, akaguna, akasukuma wa pili, akatukana neno ambalo kanisani hawalijui. Akasimama. Ko. Ko. Ko.

Mkono wa Clem ukaacha kukunja kitambaa.

Zillah alikuwa amempa mgongo, amelekea sinki. Akaendelea kutembea, taratibu. Ko. Ko.

"Zinabana wapi?" Clem akauliza.

Ilikuwa sauti yake ya ujana ile, haina mtetemo. Zillah alishika ukingo wa sinki. "Kidole kidogo," akasema, hakuthubutu kugeuka. "Kidole kidogo. Kushoto."

"Ongeza maji."

Akageuka upesi, uso umelowa, mikono mbele. "Clem! Mimi nani? Nitazame, mimi nani?"

Clem akamtazama. Akatabasamu kwa adabu. "Asante kwa chai, mama," akasema.

Zillah alilia usiku ule, siwafichi. Lakini asubuhi alipoamka alikuwa ameshakata shauri. Kama mlio tu umemfikisha pale, majani ya uwanja je?

Jumamosi kulikuwa na manyunyu, mvua ile yetu isiyonyesha wala isiyokatika. Zillah na Muriel wakamshika Clem huku na huku wakamtoa kwa njia ya wachezaji, chini ya jukwaa, koti la mvua begani, njumu miguuni. Wazee wenzake walikuwa wametangulia, wanachechemea kuzunguka uwanja. Mtangazaji akataja, "Clem Hindle!" na jukwaa la mbao likaanza kupigwa miguu, dum dum dum, kama vile watu wamesema ngoja tulibomoe wenyewe.

Clem alisimama kwenye mstari mweupe, akakataa kwenda. Muriel akamvuta kidogo, wapi. Akatazama miguu yake, akakunja uso, halafu akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, pale pale, mbele ya umati wote, akaanza kufungua kamba.

"Nilisema mimi," Muriel akanong'ona, machozi yanamlengalenga. "Shangazi, nilisema."

Clem akavua ya kulia, akavua ya kushoto. Akazishika pamoja akamnyooshea Zillah.

"Nivalie," akasema. "Bado."

"Clem, hapa? Watu wote hawa?"

"Nivalie kwanza. Siwezi kucheza hivi."

Siri ambayo mtaa mzima uliificha ujana wote, yeye anaitoa hivi hivi mchana kweupe, maana hakumbuki tena kwamba ni siri. Zillah alimtazama mdogo wake aliyekaa na soksi kwenye matope. Akautazama mstari mweupe. Kisha akavua viatu vyake vya kanisani akampa Muriel, akaketi naye chini, akavaa. Ziliingia bila kusukuma. Muriel akamwinua.

Akauvuka mstari.

Tangu wakubwa wale wakae mezani kwao hakuwa amekanyaga majani yale. Akatembea, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia ya sufu, soksi ndefu na njumu za kiume. Miguu ikaacha kupiga mbao, watu wanaulizana. Ndipo Hetty Bickerdike, na uzee wake na kifua chake kibovu, akasimama kwenye kiti akapayuka: "Zillah! Leo unacheza?" Wazee wachache walioona zamani wakaelewa. Wakasimama. Halafu likaja lile vumi, kutoka juu likashuka, jukwaa zima, mpaka mbao zikalia.

Zillah alikuwa amefika katikati. Alihisi meno ya njumu yanazama kwenye udongo, yanashika, yanaachia. Magoti yake yalikumbuka. Akageuka kumtafuta mdogo wake.

Clem alikuwa amesimama pembeni na soksi zake, Muriel amemshika kiwiko. Uso wake ulikuwa umeinuka, unamtafuta mtu, kama kila Jumamosi ile. Ukampata. Kelele zilikuwa nyingi mno, hata angepiga ukelele asingesikika. Clem akapanua kinywa, polepole, kifumaji.

"Da Zillah," ikasema midomo yake. "Zinabana wapi?"

Zillah akasimama mvuani, mkono kifuani. Kisha naye akapanua kinywa, kila herufi mahali pake, ili asipitwe na hata moja.

"Hazibani popote, mdogo wangu. Hazibani popote."